Ajenda ya Tatu

Ajenda ya kwanza ilikuwa deni la luku.
Ya pili, wavu: ringi ya kusini iko uchi mwezi wa nne sasa,
mpira ukipita hatujui kama umepita
mpaka mwamuzi anyooshe vidole.
Ya tatu niliiandika kwa herufi ndogo:
Mkwabi.

Ofisi yetu hapa Kurasini ni stoo nyuma ya jukwaa.
Watu watano, feni moja.
Lori la makontena likipita nje meza inatetemeka
na kalamu yangu inaandika isichoambiwa.

Ukonga wanamtaka. Barua ina muhuri:
watatupa vijana wawili, mmoja mrefu wa kuinama mlangoni,
miaka kumi na tisa,
magoti mapya kama vikombe vya wageni,
nasi tuwape mtu mmoja.

Akaanza Bi Tunu Chamshama:
"Usiache mbachao kwa msala upitao."
Desderi, yule muuza matairi wa Buguruni, akamjibu:
"Mbacha ukitoboka, Bi Tunu, unasujudia mchanga."
Tukacheka.
Nikaandika: wajumbe walijadili.

Bi Tunu akatukumbusha usiku ule umeme ulipokatika,
sekunde nne, tumezidiwa pointi moja,
bodaboda wakasogeza pikipiki hadi kwenye mstari,
wakawasha taa,
na Mkwabi akatupa mitupo miwili huru
kivuli chake kikiwa kirefu kuliko ubao.
Ya kwanza. Ya pili.
Nani kati yenu, akauliza, alilala usiku ule?

Hakuna aliyelala.

Desderi akafungua daftari lake.
Robo ya nne, msimu huu: mitupo thelathini na moja, sita tu ndani.
Lakini hilo si tatizo, akasema, akalifunga.
Tatizo ni Lukelo.
Mtoto yuko peke yake chini ya ringi, hana mtu, hana hata inzi,
mpira anao mkononi,
na bado anageuka kumtafuta Mkwabi.
"Tumewafundisha kuomba ruhusa."

Hapo hata Bi Tunu alitazama feni.

Kocha akasema atamfundisha atakayekuwepo.
Mwenyekiti akasema yeye ni mwenyekiti.
Ikabaki kura moja kwa moja
na macho manne yamemgeukia katibu.
Nikaomba dakika tano za msalani.

Sikwenda msalani.

Alikuwa amekaa kwenye saruji, mguu kaunyoosha,
goti limepangwa barafu za ukwaju,
zile za mia mbili za mama wa getini.
Zinayeyuka, maji ya kahawia yanashuka mpaka kwenye soksi.
Anazoona zimelainika anawapa watoto
wanaomsubiri kwa foleni.

"Wangapi?" akaniuliza.
Nikasema wawili.
"Wawili tu?"
Akatazama goti kama mtu anayekagua bidhaa sokoni.
"Msikubali. Waambie na mipira. Waambie na wavu."

Akainuka kwa awamu,
akaokota mpira, akautupa ringi ya kusini.
Hatukusikia kitu.
"Imeingia?" akauliza.
Mkwabi, ambaye mpira ukimtoka mkononi huwa anageuka
na kuanza kurudi nyuma huku bado uko hewani.
Na mimi, miaka tisa mezani nikihesabu pointi zake,
sikujua.
"Imeingia," nikasema.

Nikarudi stoo. Nikawaambia:
wawili, na mipira sita, na wavu.
Desderi akapiga meza kwa kiganja.
Bi Tunu alikusanya mkoba wake, khanga yake, miwani yake,
akavikusanya tena.
Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo.

Nikasema lipo moja, nikaliandika mwenyewe
bila kusubiri wa kuunga mkono:
barafu za ukwaju, kumi na mbili,
shilingi elfu mbili na mia nne,
zilipwe na klabu.